Kutu kwenye bodi ya gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye magari ya siku nyingi: Corolla ya miaka ya tisini, Hilux ya shamba, Peugeot 504 iliyobaki uani kwa mzee, Land Rover 109. Yanamlenga zaidi anayeishi pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwani. Injini ya magari haya ikifa, utapata nyingine iliyotumika na fundi ataifunga. Bodi ikishaoza ndipo gari linapokwisha kweli, na magari mengi mazuri tumeyapoteza kwa uzembe ambao ungezuiwa kwa kazi ya Jumamosi moja.

Kwa nini gari la Dar au Mombasa huliwa upesi kuliko la Dodoma?

Kutu inataka chuma, maji na oksijeni. Chumvi huongeza kasi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Tena chumvi hunyonya unyevu hewani. Vumbi lenye chumvi likikaa kwenye mshono wa mlango hubaki bichi hata siku isiyo na mvua. Upepo wa bahari unaileta chumvi hiyo mpaka uani kwako, wala si lazima gari likanyage mchanga wa ufukweni. Anayevuka kila siku kwa kivuko cha Likoni au Kigamboni anapata zaidi.

Lakini mvua yenyewe tunaisingizia mno. Bodi inayolowa ikakauka hudumu miaka. Inayooza ni ile sehemu inayolowa isikauke: chini ya kapeti, ndani ya kizingiti cha mlango, nyuma ya plastiki ya tairi, chini ya raba ya kioo. Ukiyaelewa maji yaliyonasa, umeshaelewa sehemu kubwa ya ugonjwa huu.

Gari langu limetoka Japani juzi tu. Mbona chini lina kutu?

Huenda lilitumika Hokkaido, Tohoku au mikoa mingine yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Uingereza nako ni hivyo hivyo. Gari likija kutoka huko, juu linang'aa kwa sababu lilioshwa na kupigishwa polishi, chini limeshaanza kuliwa.

Kabla ya kulipa, omba karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari wenye herufi na namba. S ni kutu, C ni chuma kilicholiwa, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo: S1 ni ndogo, S3 ikimbie. Omba pia picha za chini, si za viti na redio tu. Na ukienda kuliona gari yadi ukakuta chini limepigwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, mpaka kwenye nati na mabomba ya breki, uliza kwa nini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini majira manane ya baridi kwenye chumvi yanatosha kabisa kuumiza sakafu.

Nitajuaje kutu imefika wapi?

Usisubiri tundu. Dalili ya kwanza ni malengelenge ya rangi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba na kuisukuma rangi kutoka chini. Ukiona lengelenge dogo kwenye ukingo wa mlango, mara nyingi kutu ilianzia ndani na hapo ndipo inapotokeza.

Chukua sumaku ndogo ya friji, izungushie kitambaa chepesi isikwangue rangi, uipitishe polepole juu ya bodi. Pale isiposhika vizuri pana puti nene, yaani ule ujazo unaopakwa kusawazisha bodi, isipokuwa kipande hicho kiwe cha plastiki au aluminiamu. Kisha lala chini ya gari na bisibisi. Gonga kwa mpini wake, usidunge kwanza. Chuma kizima kinalia ngi! Kilichooza kinatoa bu, na vumbi la kahawia linadondoka usoni, kwa hiyo vaa miwani.

Sehemu za kukagua: kizingiti cha mlango, yaani pale unapokanyaga ukipanda, kwa chini na kwa ndani, ukingo wa chini wa kila mlango, mapinde ya matairi ya nyuma, sakafu ya buti chini ya tairi la akiba, chini ya kioo cha mbele zilipo waipa, na mahali pa kuweka betri. Inua makapeti yote. Kapeti likiwa na harufu ya ukungu, maji yanaingia mahali fulani, na hakuna dawa ya kutu itakayosaidia mpaka upajue.

Mara nyingi sana tatizo ni vitundu vya kutolea maji vilivyoziba. Kila mlango una vitundu hivyo chini, kwa sababu maji ya mvua huingia kwa juu kupitia raba ya kioo, hivyo ndivyo ulivyoundwa. Gari linalolala chini ya mwarobaini au mwembe hujaa majani mpaka mfereji wa chini ya waipa unageuka mbolea. Vizibue kwa waya laini au kijiti, umwage maji safi kutoka juu, na uone yanatokea chini. Kazi hii haina gharama, na kwangu mimi inashinda dawa yoyote ya dukani.

Kutu gani ni ya urembo na ipi ni ya hatari?

Madigadi, boneti, ngozi ya nje ya mlango: hapo ni sura ya gari. Vizingiti, sakafu penye boliti za viti na mikanda, vichwa vya shokapu, mahali suspensheni inaposhikana na bodi, mahali pa jeki: hapo ni uhai wako. Magari mengi madogo hayana chasisi ya peke yake, yaani fremu ya chuma ya chini, bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito na ndiyo inayokulinda ukigongwa ubavuni. Kizingiti kilichooza hakibebi kitu, hata kikipakwa rangi ya kupendeza namna gani.

Na wenye magari ya chasisi wasijione wamepona. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi Marekani kwa kukagua na kubadilisha chasisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia za miaka fulani. Chasisi ya boksi hushika tope na maji ndani, ikaliwa kutoka ndani huku nje ikionekana nzima.

Nina vidoa vichache vya kutu. Naweza kuviondoa mwenyewe?

Ndiyo, na nakuhimiza ufanye mapema, kwa sababu kidoa cha ukubwa wa shilingi leo ni kiraka cha kiganja mwakani.

Chagua siku kavu. Pwani, miezi ya Juni hadi Septemba ni mizuri, na masika yenyewe iache ipite. Osha sehemu kwa sabuni na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kausha kabisa, pangusa kwa thina ili mafuta na polishi vitoke. Ukianza kusugua juu ya polishi, msasa unaisukumia kwenye chuma, na rangi mpya itakataa kushika.

Tumia msasa namba 80 au brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe kinachong'aa, na uvuke ukingo wa kutu kwa sentimita mbili tatu kila upande. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Chuma kinang'aa, lakini ukikisogelea kwenye mwanga wa jua unaona vishimo vidogo vyenye nukta nyeusi. Zile nukta ni kutu iliyozama. Ukipaka rangi juu yake, baada ya muda lengelenge litarudi palepale. Zichimbue kwa ncha ya brashi ya waya, kisha zilizogoma zitibu kwa dawa ya kubadili kutu.

Lainisha kingo za rangi ya zamani kwa msasa 180 kisha 320, mpaka ukipitisha kidole husikii ngazi. Kuanzia hapo usikiguse chuma kwa mkono mtupu, jasho la kiganja lina chumvi. Vaa glavu, pangusa tena kwa thina, na upake praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, siku hiyohiyo. Hapa kwetu chuma kitupu kikilala usiku mmoja kinaamka na rangi ya chungwa.

Praima ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, sugua kwa 400 hadi 600, paka rangi kwa mikono myepesi kadhaa badala ya mmoja mzito, kisha klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi. Usiliache gari kwenye praima ya kijivu ya kawaida ukisema rangi utapiga mwezi ujao. Praima hiyo hupitisha unyevu, na utaikuta kutu mpya chini yake.

Jambo moja la afya. Rangi na klia za kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuzigandisha, nyingi zina kemikali za isosayaneti, ambazo zinaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya vumbi haizuii kitu hapo. Nyumbani tumia makopo ya kupulizia yasiyo na hadina, mahali penye hewa na mbali na watoto. Kazi ya hadina mwachie mwenye chumba cha rangi na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Dawa ya kubadili kutu inafanya kazi kweli?

Inafanya, ikiwa utaitumia inapostahili. Zenye asidi ya fosforiki hugeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, zenye tanini huigeuza kuwa tabaka jeusi gumu. Zote zinahitaji kutu iliyoshika, si magamba. Kwanza kwangua magamba yote, ndipo upake. Juu ya chuma safi hazina faida, na juu ya kutu nene inayobanduka dawa inaishia juu tu, chini kunaendelea kuliwa. Fuata maelezo ya kopo kuhusu kusuuza au kutosuuza, maana zinatofautiana.

Kwa vipande vinavyofunguka, kama bawaba, boliti na vishikio, siki au asidi ya sitriki kwenye maji inatosha. Loweka, sugua, suuza vizuri sana, kausha juani na upake mafuta au praima papo hapo.

Imetoboka. Niweke puti au kiraka cha chuma?

Kiraka cha chuma. Sina jibu lingine hapa, na ninalisisitiza kwa sababu nimeona vizingiti vikifunguliwa na ndani vikakutwa vimejazwa magazeti na sponji ya godoro, juu puti, juu rangi. Mwenye gari alilipa, akaondoka amefurahi, na ile sponji ikashika maji mpaka chuma kilichobaki kikaisha. Gari hilo lilibeba familia.

Puti inatakiwa kusawazisha chuma ambacho tayari kimeziba. Tabaka la milimita 3 ni zuri, likipita 6 litapasuka siku moja. Puti hunyonya maji kama sifongo, kwa hiyo ukiiweka juu ya tundu, maji ya upande wa ndani yanaipitia na kufika kwenye rangi. Kwa sababu hiyohiyo usikubali puti isuguliwe kwa msasa wa maji. Ni mazoea ya gereji nyingi, vumbi linapungua na kazi inakwenda haraka, lakini yale maji yanabaki ndani, yanafungiwa na praima, na malengelenge yanaanza kabla mwaka haujaisha. Puti isuguliwe kavu, fundi akiwa na barakoa. Msasa wa maji ungoje praima.

Kiraka kinachofaa kinakatwa kwenye bati la unene unaokaribiana na bodi, yaani milimita 0.8 hadi 1 kwa sehemu nyingi za nje. Chuma cha zamani kikatwe mpaka kifike palipo pazima. Kuchomelea bati jipya kwenye ukingo uliooza ni kupoteza umeme. Kwa vizingiti na sehemu zinazobeba uzito, tafuta chuma kinene zaidi kinacholingana na cha kiwandani, na fundi anayejua kazi hiyo.

Fundi anachomelea kwa gesi. Kuna ubaya?

Bati jembamba la gari linahitaji mashine ya MIG, ile ya umeme inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, yenye waya mwembamba, wa milimita 0.6 hivi, na achome nukta nukta akiruka huku na huku ili joto lisijikusanye. Moto wa gesi unaeneza joto mbali, bati linajikunja, na kinga ya rangi na zinki pembeni inaungua. Wapo mafundi wazee wenye mkono wa ajabu kwenye gesi, nawaheshimu. Lakini mashine ya fimbo, ile ya kuchomelea mageti, usiruhusu iguse bodi. Inatoboa palipokuwa pazima.

Kabla ya moto wowote, betri ifunguliwe nyaya ili vifaa vya umeme visiungue, makapeti na viti vitolewe, tanki na mabomba ya mafuta yaliyo karibu yaondolewe. Mtu asimame na kizimamoto upande wa pili wa bati. Bati lenye zinki likiungua linatoa moshi unaoleta homa, kwa hiyo zinki ikwanguliwe kwanza na kazi ifanyike penye upepo.

Nimwambie nini fundi bodi kabla hajaanza?

Swali la muhimu kuliko yote ni hili: "Upande wa ndani utaufanyaje?" Fundi akikushangaa, endelea kutafuta. Kiraka kikishachomwa, mgongo wake ni chuma kilichoungua kisicho na rangi, tena kiko palepale palipooza mwanzo. Lazima kipate praima pale mkono unapofika, na nta ya majimaji ya kupulizia kwa mrija mrefu pale usipofika. Nta ipulizwe mwisho, baada ya kuchomelea na kupaka rangi, maana inashika moto, na rangi haishiki juu yake. Maungio ya nje yapakwe silanti, ile gundi laini ya kuziba mishono. Vitundu vya maji vibaki wazi, na hili likague mwenyewe kwa macho, kwa sababu silanti na rangi huviziba bila mtu kukusudia.

Kubalianeni pia kwamba utaitwa kuona gari likiwa limekatwa, kabla ya kiraka, na tena kabla ya puti. Mwambie kwa adabu: "Fundi, nipigie simu chuma kikiwa wazi, nije tuone pamoja." Fundi mzuri hakasiriki. Kama huwezi kwenda, aombwe picha kwa simu.

Nipake oili chafu chini ya gari? Na lami je?

Oili chafu inazuia maji kwa muda, ndiyo maana madereva wengi wanaiamini. Lakini imeshabeba asidi na uchafu wa injini, inalainisha raba za suspensheni, inashika vumbi, na inadondoka ardhini mpaka kwenye visima vyetu. Achana nayo.

Lami na mipako minene ya raba ni nzuri juu ya chuma safi chenye praima. Ikipakwa juu ya kutu ni hasara mbili: haizuii kuliwa, na inakuficha usione. Ikikauka inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayatoki. Kwa gari la zamani mimi napendelea mipako isiyokauka kabisa, ya nta au ya lanolini, ile mafuta ya sufi ya kondoo. Inajipenyeza kwenye mishono, na unaweza kuona kinachoendelea chini yake. Ipake upya kila mwaka baada ya masika. Ilinde diski na ngoma za breki, mpako wowote usiziguse.

Nioshe gari mara ngapi, na kwa maji gani?

Chini lioshwe kila baada ya kwenda ufukweni au kupita kwenye maji ya mafuriko, na mara moja kwa wiki ukikaa karibu na bahari. Elekeza maji kwenye mapinde ya matairi na juu ya kingo zake za ndani, tope la huko ndilo linalokaa na unyevu siku nzima.

Kuhusu maji, onja. Visima vingi vya Dar, Mombasa na Zanzibar vina maji ya chumvi, na sehemu nyingi za kuoshea magari zinatumia hayohayo. Unalipa, gari linapakwa chumvi mpaka kwenye mishono, kisha linaanikwa juani. Kama maji ya sehemu hiyo yana chumvi ulimini, hama. Ukikosa kabisa, maliza kwa ndoo mbili za maji baridi ya bomba au ya mvua, ukianzia juu ya paa. Usifunike gari bichi kwa turubai la plastiki, unyevu unafungiwa ndani. Kivuli cha bati kilicho wazi pande zote kinafaa zaidi.

Land Rover yangu ni ya aluminiamu. Nina haja ya kuhangaika?

Unayo. Land Rover zilipoanza mwaka 1948, chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza baada ya vita, ndiyo sababu bodi ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Chasisi na ukuta wa mbele ulio nyuma ya injini ni vya chuma, na huoza. Pale aluminiamu inapokutana na chuma, maji ya chumvi yakiingia katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa: utaona unga mweupe na rangi iliyovimba kwenye ribiti na boliti. Ukifungua vipande hivyo, safisha, paka praima pande zote mbili, na weka raba nyembamba au silanti katikati kabla ya kufunga.

Betri inahusikaje?

Asidi yake hula rangi na bati chini ya kitako chake. Volkswagen za mgongo wa kobe zina betri chini ya kiti cha nyuma, na sakafu hapo hutoboka bila mtu kujua. Osha kwa maji yenye magadi kidogo mpaka povu liishe, suuza, kausha, tibu kutu, paka praima na rangi, na weka trei ya plastiki.

Vile vifaa vya umeme vya kuzuia kutu vinasaidia?

Hapana. Kinga ya umeme na vipande vya zinki hulinda meli kwa sababu meli imezama majini, na umeme unapita kwenye maji hayo yote. Gari limezungukwa na hewa. Fedha hiyo nunulia nta na mrija wa kupulizia.

Gari limeoza sana. Nitengeneze au niuze?

Linyanyue, fungua makapeti, hesabu sehemu zinazobeba uzito zilizotoboka. Kizingiti kimoja na kipande cha sakafu, tengeneza. Vizingiti vyote viwili, vichwa vya shokapu na mahali pa suspensheni kwa pamoja, gharama ya kazi ya haki itapita bei ya gari, na kazi ya bei rahisi itakudanganya. Hapo tafuta bodi nzima zaidi ya aina hiyohiyo kutoka bara, Dodoma, Tabora au Nakuru, uhamishie injini yako na vifaa vizuri ulivyonavyo. Pitia kwanza taratibu za usajili, kwa sababu namba ya chasisi inabaki ya ile bodi unayonunua.